Wimbo wa Kihenge, Sehemu ya Tisa: Mwimbaji Asiyejitaja

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita tulimwacha Nkuba jukwaani mjini Iringa, maikrofoni mkononi, mdomo wazi, na Bibi Mbuke amesimama katikati ya ukumbi akimnyooshea fimbo. Wapo walioniandikia barua kunilaumu kwamba nimemwacha kijana wa watu pabaya. Mmoja wa Makambako amediriki kuniita katili. Lawama hiyo siipokei. Nkuba alijiweka pabaya mwenyewe, tena miaka miwili kabla ya siku hiyo.

Swali la bibi lilikuwa hili, na sasa alilirudia kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Nyimbo yako yote unajitaja, ng'wana Maganga. Hii ya kihenge hapana. Kwa nini?"

Ukumbi ulicheka. Vijana waliokuja kucheza bugi la mchana, na suruali zao pana za bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, waliona kikongwe cha Kisukuma kimetoka Igawa kuja kuwaharibia starehe. Wasukuma wachache waliokuwa mle ndani hawakucheka hata kidogo.

Maana kwa Wasukuma, manju wa ngoma haanzi wimbo bila kujitaja. Hutaja jina lake, la baba yake, na mahali anapokaa. Akishajitaja ndipo amseme anayetaka kumsema. Aliyeumizwa na wimbo ajue mlango wa kubisha. Asiyejitaja ni sawa na mtu anayerusha jiwe kutoka kichakani.

Nkuba alijitaja katika nyimbo zote za kundi lao, isipokuwa huu mmoja.

Kundi lenyewe lilikuwa la watu watatu. Yotamu wa Mwanjelwa alipiga gitaa, sauti moja ikizunguka na kurudi palepale. Sekela, binti wa Kinyakyusa asiyeogopa mtu, alipiga debe la mafuta ya taa kwa vijiti viwili. Nkuba hakuimba. Alisema. Alimwaga maneno kwa kasi juu ya debe, Kisukuma, Kiswahili, na Kinyakyusa alichofundishwa na Sekela, mpaka msikilizaji akajikuta anahema yeye. Muziki wa namna hiyo ulikuwa haujasikika Mbeya wala Iringa, na haukuwa na jina. Mwanjelwa waliuita muziki wa kusema. Mabwana wa maofisini waliuita kelele, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakisemwa.

Na wimbo uliowatoa Igawa, ukawapitisha Chimala na Mbeya mjini mpaka ukawafikisha Iringa, ni huu wa Kihenge. Mwaka wa kuhamishwa, watu wa Ikulwe walipopelekwa kukaa Igawa, kando ya barabara, kihenge cha Bibi Mbuke kilichomwa moto na mpunga wake ndani. Bibi alikuwa ameomba siku mbili tu za kuutoa. Wimbo ulisimulia hayo yote, kisha ukauliza nani aliwasha, na ukumbi mzima ulijibu kwa makelele, "Sema jina!"

Jina halikutajwa kamwe. Wimbo ulisema tu kwamba ulikuwa mkono wa nyumbani.

Wewe msomaji wangu unaujua mkono huo. Nilikunong'oneza wiki tatu zilizopita. Ulikuwa wa Nkuba mwenyewe.

Haya, twende.

Nkuba alitazama chini ya jukwaa. Kwenye kiti cha mbele alikaa mgeni rasmi, Bwana Marcelino, miwani nyeusi usoni, suti ya Kaunda imepigwa pasi ikapigika. Miguuni pake ulipita waya mmoja mnene kutoka ukutani. Waya huo ulilisha umeme gitaa la Yotamu, maikrofoni ya Nkuba, na tepurekoda ya fundi wa redio aliyekaa pembeni na visikizio masikioni. Wimbo ukinaswa leo, nchi nzima itausikia.

"Bibi," alisema Nkuba, na sauti yake ikatoka tamu kama kawaida yake, "wimbo huu si wangu. Ni wako. Wewe ndiye uliyeunguliwa. Nani mimi hata niweke jina langu juu ya machozi yako?"

Lo! Makofi yalipigwa nusura mabati ya ukumbi yaondoke. Yotamu alimkonyeza. Hata Bwana Marcelino alitabasamu. Mdomo ule, ndugu zangu! Ungepewa kazi ya kuuza maji ziwani ungeyauza yakaisha.

Bibi Mbuke alishusha fimbo. Alitembea pole pole mpaka chini ya jukwaa, watu wakimpisha. Kisha akafanya jambo ambalo Nkuba hakulitegemea. Alipiga magoti.

"Basi nimekosa mie," alisema. "Nilikuwaza vibaya, mwanangu. Siku mingi nimekuwaza vibaya. Nisamehe."

"Bibi, inuka, tafadhali!"

"Sijamaliza." Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akatoa usinga wa mkia wa ng'ombe, mpini wake umesuguliwa na mkono mpaka ukang'aa. "Hii ya mume wangu. Alikuwa manju. Nilikuja nayo, nikasema kama akinijibu vizuri nitampa. Umenijibu vizuri."

Nkuba aliupokea. Angefanya nini mbele ya watu mia tatu? Mwanamke mwenye umri wa kumzaa mama yake alikuwa amepiga magoti kumwomba msamaha kwa kumshuku jambo alilolifanya kweli. Aibu ilimpanda kutoka nyayoni. Alitamani bibi amtukane. Alitamani amtandike kwa ile fimbo.

Mshereheshaji, bila kujua lolote, alitangaza mapumziko ya robo saa.

Nyuma ya jukwaa, penye kreti za soda, Sekela alimkamata Nkuba kwenye ukosi wa shati.

"Gwe Nkuba. Nitazame."

"Niache nipumue."

"Mwaka mzima nakupigia debe. Kila wimbo nakusubiri useme 'Mimi Nkuba wa Maganga' ndipo niingie. Kihenge peke yake ndiyo naingia kabla yako. Sikuwahi kujiuliza. Bibi mzee wa Igawa amejiuliza, mimi mwenye debe sikujiuliza! Kwa nini hujitaji?"

"Si umesikia jibu?"

"Nimesikia. Jibu zuri. Ni zuri mno."

Yotamu aliwaingilia huku akikaza nyuzi. "Jamani, majina mtagawana kesho. Fundi anasema kipindi cha pili ndicho anachonasa. Dakika tano za redio, mnazijua nyie?"

Kabla Nkuba hajapata pa kujificha, salamu ya Kihehe ilitoka upande wa lango la uani.

"Kamwene, Nkuba."

Usinga ulimponyoka Nkuba, ukaanguka chini.

Aliyesimama pale alikuwa mwanamume mrefu, mabega meupe kwa vumbi la unga, gunia tupu limekunjwa kichwani kama wafanyavyo wapakuzi wa sokoni. Alikuwa Liberatus. Mhehe huyu ndiye aliyemwoa Kalista, binti wa Bibi Mbuke, na ndiye aliyefukuzwa Igawa kama mbwa mwizi.

Nikukumbushe kwa nini. Siku ile ya moto, mgambo waliotoka Ikulwe walikuwa wawili tu, Nkuba na Liberatus. Wimbo ulipoanza kusema "mkono wa nyumbani", watu walihesabu. Wawili, toa mmoja anayeimba, anabaki nani? Shemeji zake wakamtupia vitu vyake barabarani. Nkuba aliyaona hayo kwa macho yake. Jioni hiyohiyo aliuimba wimbo tena, kwa kuwa watu waliuomba.

"Nimesikia mkwe wangu yumo ndani," alisema Liberatus. "Siwezi kuingia nikasimama mbele ya uso wake, nyie mnajua. Nimekuja tu nisikie anaendeleaje. Na kama Kalista amekuja naye."

"Hakuja," alijibu Nkuba kwa sauti ndogo.

"Mtoto anatembea?"

"Anatembea."

Liberatus aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokijia, akageuka kuondoka. Nadhani kama angerusha ngumi, hadithi yetu ingekwisha kirahisi. Hakurusha.

"Ngoja!" aliita Sekela. "Kaka, samahani. Kile kihenge uliwasha wewe?"

Liberatus alimtazama Nkuba. Nkuba alitazama kreti za soda.

"Nilimwambia Kalista ukweli," alisema Liberatus. "Akanijibu, Nkuba ndiye aliyetuimbia, wewe ndiye uliyenyamaza, nani atakuamini? Nikaona ana haki. Wimbo una nguvu kuliko mimi."

Sekela aliachia ukosi. Alirudi nyuma hatua mbili, akaifuta mikono yake kwenye gauni, mara moja, mara ya pili.

"Sema," alimwambia Nkuba. "Sema hapa, bila debe."

Nkuba akasema. Aliwaambia kwamba bwana mmoja alikuja na Landrova, akataka vihenge vichomwe ili watu wasirudi nyuma. Viberiti vilikuwa vimelowa. Yule bwana akauliza, je, hapa hakuna mwanamume? Liberatus alisema mpunga bado umo ndani, akarudi nyuma. Nkuba alisogea mbele. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na alitaka aonekane.

"Moto ulitoa wapi?" aliuliza Sekela.

Nkuba alianza kunyoosha ukosi wa shati.

"Moto, Nkuba!"

"Jikoni kwake. Bibi alikuwa ametubandikia uji sisi mgambo, halafu akaenda kumbembeleza yule bwana ampe hizo siku mbili. Nikachukua kaa chini ya chungu. Nikalipuliza mpaka likashika." Alifunika uso. "Niliporudi uji ulikuwa umeiva. Nikanywa."

Yotamu aliacha kukaza nyuzi.

"Na huyo bwana wa Landrova?" aliuliza Sekela mwishoni. "Yuko wapi siku hizi?"

Nkuba alisogeza pazia kidogo kwa kidole. Kule mbele, katikati ya safu ya kwanza, Bwana Marcelino alikuwa akinywa soda kwa mrija.

"Mwenye miwani," alisema.

"Mama yangu," alinong'ona Yotamu. "Tuimbe wimbo mwingine. Tuimbe ule wa barabara ya lami. Jamani, mimi nina mke!"

Sekela aliokota usinga, akaupangusa vumbi, akamtia Nkuba mkononi. "Mimi nitaingia ukishajitaja. Usipojitaja siingii. Utajua mwenyewe la kufanya na dakika zako tano."

Kengele ililia.

Pazia lilifunguliwa. Fundi wa redio aliinua kidole, na magurudumu ya tepu yakaanza kuzunguka. Yotamu alianza na gitaa, sauti ikizunguka vilevile. Raundi ya kwanza. Raundi ya pili. Debe kimya. Watu walianza kuangaliana. Bibi Mbuke alikuwa ameketi kwenye kiti alichopewa kwa heshima, hatua tano tu kutoka kwa mgeni rasmi, ametega sikio.

Nkuba aliinua usinga.

"Mimi Nkuba," alisema, "mwana wa Maganga, wa Igawa, niliyetoka Ikulwe..."

Debe likaingia. Ukumbi ulilipuka!

Maneno yalimwagika. Alisema mpunga, alisema siku mbili, alisema Landrova, alisema viberiti vilivyolowa. Alisema kaa la moto alilotoa chini ya chungu, na jinsi alivyolipuliza kwa mdomo huuhuu unaowachezesha. Vijana walikuwa wameshasimama, viatu vya raizoni vinatwanga sakafu. Alipofika pale, aliuliza kama siku zote nani aliwasha.

"Sema jina!"

"Nkuba!"

"Sema jina!"

"Nkuba wa Maganga!"

Basi wakashangilia. Ndiyo, msomaji, walishangilia! Waliona ni ufundi mpya, msanii anajitia katika viatu vya mwovu. Kijana mmoja alirusha kofia juu. Wasichana walianza kupokezana jina lake, Nku-ba, Nku-ba, wakilikatia viuno. Bwana Marcelino, ambaye neno la Landrova lilikuwa limemfanya akae wima kidogo, aliona watu wanacheka, akaegemea tena kiti chake, akapiga makofi.

Nkuba alikuwa ameungama dhambi yake mbele ya watu mia tatu, nao walikuwa wakiicheza. Nimeandika aibu nyingi katika gazeti hili, za wezi, za wazinzi, za waliokimbia kupitia dirishani bila suruali. Sijawahi kuandika kama hii. Mtu alikuwa anasema kweli kwa mara ya kwanza, na ule utamu aliousemea uwongo mwaka mzima ulikuwa unaifunika.

Mtu mmoja tu hakucheza. Bibi Mbuke alikuwa amekaa, mikono juu ya fimbo, anamtazama.

"Simamisheni!" alipiga kelele Nkuba. "Yotamu, simamisha! Sekela!"

Gitaa likanyamaza. Debe likanyamaza. Vijana waliendelea kucheza kidogo bila muziki, kisha wakasimama mmoja mmoja.

"Huu si wimbo," alisema Nkuba. Sauti ilikuwa imemkauka, haina utamu wowote, kama sauti ya mtu yeyote wa Igawa. "Nilikiwasha mimi kile kihenge. Bibi, niliwasha kwa moto wa jiko lako. Na uji wako nikanywa. Liberatus alikataa. Yeye alirudi nyuma, mimi nikaenda mbele. Yuko hapo nje mlangoni, anashindwa kuingia kwa heshima yako. Kila nilipouimba wimbo huu nilikuwa namfukuza tena. Na leo umenipigia magoti, nikakuacha upige."

Ulisikia tepu tu, inazunguka, inanasa.

Bibi Mbuke aliinuka. Safari hii hakuna aliyemcheka. Alipanda ngazi tatu za jukwaa, moja moja, akakataa mkono wa Sekela. Alisimama mbele ya Nkuba. Kisha alinyoosha mkono, na Nkuba akamrudishia usinga bila kuambiwa.

"Uji ilikuwa na maziwa," alisema bibi. "Nilitia maziwa kwa sababu yako. Ulikuwa hupendi uji mkavu tangu mdogo."

Nkuba alilia. Alilia hadharani kwa makamasi, na nguo zake za jukwaani, na hakuna aliyemwonea huruma, hata mimi.

"Sijakusamehe," aliendelea bibi. "Usifikiri nimekusamehe. Hiyo tutakaa na wazee, na Kalista atakuwepo." Aligeuza kichwa kidogo upande wa uani, bila kutazama. "Na huyo mkwe aliyeko mlangoni, aambiwe asiondoke."

Halafu alimgeukia Nkuba tena. Alisema kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni ilikuwa karibu, na ukumbi wote ulisikia.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Hujamaliza. Manju anajitaja kwanza, ndipo anataja wenzake. Mwaka mzima hukuwa na haki ya kutaja mtu. Saa hii unayo." Alipiga sakafu ya jukwaa kwa fimbo. "Nani alikutuma?"

Bwana Marcelino alivua miwani.

Hapakuwa na gitaa, hapakuwa na debe, na hakuna aliyecheza. Kutoka mlango wa uani, sauti moja iliyokuwa imenyamaza miaka miwili ilipaa juu ya vichwa vyote.

"Sema jina!" aliita Liberatus.

"Sema jina!" ukaitika ukumbi, mara moja, kwa uzito, na safari hii walijua wanachokiomba.

Nkuba alijifuta uso kwa kiganja. Alikisogeza kinywa kwenye maikrofoni. Bwana Marcelino aliinuka, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akaukamata ule waya mnene, akauvuta mpaka ukachomoka ukutani.

Maikrofoni ikafa. Taa ya spika ya gitaa ikazimika. Magurudumu ya tepu yakasimama.

Lakini debe la Sekela halikuwa na waya. Akaviinua vijiti vyake viwili, akamtazama Bwana Marcelino usoni, akalipiga.